Tiba ya kinga si anasa kwa mtoto wa Mkalama

Desemba 2024, katika mkutano mkuu wa mabingwa wa magonjwa ya damu uliofanyika San Diego, Marekani, yalisomwa matokeo ya utafiti ambayo sisi tunaotibu lukemia tulikuwa tukiyangoja kwa hamu. Watoto 1,440 wenye lukemia kali ya limfoblasti, wa kundi ambalo ugonjwa wao haukuwa wa hatari kubwa, waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walipewa tibakemia ya kawaida. Nusu nyingine walipewa tibakemia ileile, wakaongezewa mizunguko miwili ya dawa ya kinga iitwayo blinatumomabu. Kwa makadirio ya miaka 3, asilimia 96 ya walioongezewa walikuwa hai bila ugonjwa kurudi, na kwa wenzao ilikuwa asilimia 87.9. Watafiti walisimamisha ugawaji kabla ya muda, kwani isingekuwa haki kuendelea kumnyima mtoto yeyote dawa hiyo.

Wapo wenzangu katika taaluma wanaosema habari hiyo haituhusu. Hoja yao naielewa: tuna hospitali ambako picha kamili ya damu inachukua siku tatu kurudi, tuna wazazi wanaouza mbuzi wapate nauli ya rufaa, halafu tuzungumzie dawa ambayo ilipoingia sokoni Marekani mwaka 2014 mizunguko yake miwili ilikadiriwa kugharimu dola 178,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 400? Nasema inatuhusu, na pengine inatuhusu sisi kuliko hao walioigundua. Sababu yenyewe iko kwenye namna watoto wetu wanavyokufa wakiwa tayari kwenye matibabu.

Tuanze na ugonjwa. Lukemia huanzia kwenye uloto, ndani ya mifupa, mahali damu inapotengenezwa. Seli moja changa ya ukoo wa chembe nyeupe huharibika vinasaba vyake, ikaacha kukomaa, ikabaki na kazi moja tu ya kuzaana. Siku mtoto anapogunduliwa, seli za namna hiyo mwilini mwake zinaweza kufikia trilioni moja. Chembe nyekundu zikikosa nafasi, mtoto anapauka viganja na kuchoka. Chembe sahani zikikosa nafasi, fizi zinavuja damu na ngozi inatoka vidoa vidogo vyekundu ambavyo ukivibonyeza havipotei. Chembe nyeupe nzima zikikosa nafasi, homa haikatiki. Mifupa inauma usiku. Mtoto aliyekuwa akikimbia anaanza kuchechemea.

Tibakemia hushambulia kila seli inayogawanyika haraka, ya ugonjwa na ya mwili, bila kuchagua. Blinatumomabu inachagua. Ni protini iliyotengenezwa maabara ikiwa na pande mbili za kushika. Upande mmoja hushika alama iitwayo CD19, ambayo hukaa juu ya seli B, zikiwamo seli B zilizogeuka lukemia. Upande wa pili hushika alama ya CD3 juu ya seli T, ambazo ndizo seli za kinga zenye uwezo wa kuua seli nyingine. Wakulima wa Iramba, hapa mkoani Singida, wanaolima kwa maksai wanajua nira inavyofanya kazi: inawaweka wanyama wawili bega kwa bega wapende wasipende. Seli T ikishafungwa nira moja na seli ya lukemia, inaitoboa na kuiua, kisha inahamia kwa nyingine.

Kwa nini basi tusiache tibakemia tukatumia hiyo peke yake? Kwa sababu seli trilioni moja ni mzigo ambao seli T za mtoto mgonjwa haziuwezi, na zikijaribu kuumaliza kwa mkupuo, kemikali zinazomwagika kwenye damu zinaweza kumwangusha mtoto kwa homa kali na shinikizo la damu kushuka. Pia dawa hii haifiki vizuri kwenye ubongo na uti wa mgongo, ambako lukemia hupenda kujificha, kwa hiyo sindano ya methotreksati kwenye uti wa mgongo inabaki palepale. Na kuna seli za lukemia ambazo hujifunza kuivua alama ya CD19, zikawa hazionekani tena. Tibakemia inapunguza jeshi lote. Tiba ya kinga inawasaka waliobaki vichakani, wale ambao hata darubini haiwaoni, seli moja kati ya elfu kumi. Kila moja inafanya ambacho mwenzake hawezi.

Wazo kwamba dawa na kinga vinaweza kusaidiana lina mizizi huku kwetu, na nasikitika kwamba vijana wetu wa udaktari hawaambiwi hivyo mara kwa mara. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, alichapisha mwaka 1958 maelezo yake ya uvimbe wa taya kwa watoto ambao leo unabeba jina lake. Katika miaka ya 1960 yeye mjini Kampala na Peter Clifford mjini Nairobi waliona jambo lililowashangaza: watoto wengine walipewa dozi chache tu za dawa, uvimbe ukayeyuka na usirudi miaka mingi. Dawa ile kwa kipimo kile haikutosha kuua kila seli. Walishuku kwamba kinga ya mtoto mwenyewe ndiyo iliyomalizia kazi. Mwaka 1967 ikafunguliwa Taasisi ya Saratani ya Uganda, na John Ziegler na wenzake wakaonyesha pale Kampala kwamba saratani ya mtoto inaweza kutibika kwa dawa peke yake zikichanganywa vizuri. Burkitt na Ziegler walikuwa miongoni mwa waliopewa tuzo ya Lasker mwaka 1972, pamoja na Donald Pinkel wa Memphis, aliyeponya karibu nusu ya watoto wake wa lukemia wakati dunia nzima ilikuwa imekata tamaa. Afrika Mashariki ilikuwa mezani tangu mwanzo wa hesabu hizi.

Sasa turudi kwenye vifo. Mzazi yeyote aliyewahi kulala wodini na mtoto mwenye lukemia analijua swali ambalo bibi na mama huuliza wiki ya tatu: daktari, mbona dawa ndiyo inammaliza mtoto? Ni swali la haki. Tibakemia nzito inaufuta uloto, mbaya na mzuri pamoja. Kwa siku kumi, wakati mwingine ishirini, mtoto anakaa bila kinga yoyote. Bakteria aliyekuwa akiishi kwa amani tumboni mwake anaingia kwenye damu. Memphis au Toronto, mtoto huyo akipanda homa saa nane usiku, ndani ya saa moja anakuwa ameshachukuliwa damu ya kuotesha vijidudu na antibaotiki imeshaingia mshipani. Kwetu, homa hiyo inaweza kumkuta kwao, Nduguti au Itigi, na asubuhi yake ndipo baba anaanza kutafuta pikipiki. Ndiyo maana tukiwapa watoto wetu tibakemia nzito kama ilivyoandikwa kwenye miongozo ya nchi tajiri, tunapoteza wengine kwa maambukizi hata kabla lukemia haijapata nafasi ya kurudi. Tukiipunguza makali ili wasife, lukemia inarudi. Madaktari wa watoto katika nchi yetu wanaishi ndani ya mtego huo kila siku.

Hapo ndipo tiba ya kinga inapobadilisha hesabu. Upo utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2021, wa wagonjwa 208 wenye umri wa mwaka 1 hadi 30 ambao lukemia yao ilikuwa imerudi kwa mara ya kwanza. Kundi moja liliendelea na tibakemia nzito, jingine likapewa blinatumomabu mahali pa sehemu ya tibakemia hiyo. Waliobaki hai baada ya miaka 2 walikuwa asilimia 71 kwa waliopata dawa ya kinga na asilimia 58 kwa wenzao. Lakini takwimu niliyoisoma mara nyingi zaidi ni ile ya madhara. Maambukizi makali yaliwapata asilimia 65 ya waliokuwa kwenye tibakemia, na asilimia 15 tu ya waliokuwa kwenye dawa ya kinga. Bakteria kuingia kwenye damu: asilimia 27 dhidi ya 2. Vidonda vya mdomoni na tumboni: 28 dhidi ya sifuri.

Katika hospitali yenye kila kitu, tofauti hiyo ni nafuu kwa mgonjwa. Katika hospitali isiyo na chumba cha kumtenga mtoto asiye na kinga, ni uhai. Faida ya dawa inayouacha uloto usimame inakua kadiri uwezo wako wa kupambana na maambukizi unavyopungua. Kwa mantiki hiyo, mtoto wa wilaya yetu ya Mkalama anaihitaji kuliko mtoto wa Boston.

Upande wa pili nao lazima usemwe. Katika utafiti ule wa watoto 1,440, miongoni mwa wenye hatari ya wastani, walioongezewa blinatumomabu walipata maambukizi ya damu mara nyingi zaidi: asilimia 14.8 dhidi ya 5.1. Ilikuwaje, ikiwa dawa hii inapunguza maambukizi? Kule ilichukua nafasi ya tibakemia nzito. Hapa iliongezwa juu ya tibakemia ambayo tayari ilikuwa nyepesi. Na dawa yenyewe huisha kwenye damu kwa saa chache, hivyo inabidi iingie mfululizo, mchana na usiku, siku 28, kupitia mpira mwembamba uliopandikizwa kwenye mshipa mkubwa wa kifuani. Mpira huo ni mlango. Juu ya hayo, seli B nzima nazo hubeba CD19, zinauawa pamoja na mbaya, na mtoto anabaki miezi kadhaa akitengeneza kingamwili kidogo. Wapo pia wanaotetemeka mikono, wanaochanganyikiwa, wachache wanaopata degedege, na ndiyo sababu siku za mwanzo lazima zipite wodini.

Kwa watoto wa Marekani pampu ndogo inakaa kwenye begi la mgongoni, mtoto anakwenda nayo shule, na muuguzi anabadilisha mfuko wa dawa kwa ratiba. Sioni jambo hilo likifanyika leo Kiomboi. Ila majaribio ya kuichoma dawa hii chini ya ngozi, kama anavyochomwa insulini mgonjwa wa kisukari, yanaendelea, na matokeo ya awali kwa watu wazima yanatia moyo. Siku hiyo ikifika, kikwazo kikubwa cha pampu na mpira kitakuwa kimeondoka, na atakayebaki akisema mikoani hatuwezi atatakiwa kutoa sababu nyingine.

Kwa watu wazima nitapita haraka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, wa wagonjwa wa miaka 30 hadi 70 ambao tibakemia ilikuwa imeshafuta hata masalia ya lukemia, ulionyesha asilimia 85 wakiwa hai baada ya miaka 3 kwa walioongezewa blinatumomabu, na asilimia 68 kwa ambao hawakuongezewa. Lukemia kali ya mieloidi, ambayo huwapata zaidi watu wazima, kwa kawaida haina CD19. Kwao kuna kingamwili iliyobebeshwa sumu, gemtuzumabu, inayolenga alama ya CD33, iliyoondolewa sokoni Marekani mwaka 2010 na kurudishwa 2017 baada ya dozi zake kugawanywa vizuri. Faida yake ipo lakini ni ndogo zaidi. Lukemia ya seli T bado inasubiri zamu yake.

Nikiulizwa leo tungeanza na ipi, ningetaja dawa isiyovuma: rituksimabu. Mwaka 2016 Wafaransa na wenzao walionyesha kwamba watu wazima wenye lukemia ya seli B yenye alama ya CD20, wakiongezewa rituksimabu kwenye tibakemia, asilimia 65 walifika miaka 2 bila ugonjwa kurudi wala balaa jingine, dhidi ya asilimia 52. Rituksimabu ina nakala za bei nafuu, iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2015, haihitaji pampu ya mwezi mzima, na madaktari wetu wanaotibu limfoma wanaifahamu. Tukishazoea kuchanganya dawa hiyo na tibakemia kwa nidhamu, kupima alama za seli kabla ya kuitoa na kufuatilia kingamwili baada yake, tutakuwa tumejifunza nusu ya tunachohitaji kwa blinatumomabu.

Hayo yote yanategemea mtoto afike. Mkoa wa Singida ulihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 2 kwenye sensa ya 2022. Katika nchi zenye daftari kamili za saratani, lukemia ya limfoblasti huwapata watoto 3 mpaka 4 kila mwaka katika kila 100,000 walio chini ya miaka 15. Hata ukikadiria chini, mkoa huu ungetegemea watoto kati ya 20 na 30 kwa mwaka. Wako wapi? Wengi wamezikwa kwa jina la upungufu wa damu, homa ya matumbo, au malaria iliyopanda kichwani.

Neno malaria nalitaja kwa makusudi. Singida ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo nchini, kwa ukavu wake na upepo wake. Mtoto wa Ikungi au Manyoni mwenye homa ya wiki mbili, kipimo cha haraka cha malaria hakionyeshi kitu, na viganja vimepauka, hatakiwi kupewa dawa mseto mara ya tatu. Anahitaji picha kamili ya damu na mtu wa kuitazama damu hiyo kwenye kioo. Tone moja linatandazwa, linakaushwa, linapakwa rangi. Kwenye damu nzima chembe nyeupe ziko chache na za sura tofauti, nyingine na kiini kilichokatika vipande, nyingine na punje za rangi ya chungwa. Kwenye lukemia unakuta umati: seli kubwa za duara, zote zinafanana, kiini cha zambarau kimeijaza seli mpaka ukingoni, na chembe sahani hazionekani hata ukisogeza kioo huku na huku. Fundi maabara mwenye macho yaliyofundishwa anaiona ndani ya dakika tano. Darubini ipo Kiomboi, ipo Makiungu, ipo Itigi katika hospitali ya Mtakatifu Gaspar. Tunachopaswa kulipia ni mafunzo ya macho, na simu ya kumpigia mtaalamu picha inapotia shaka.

Kutoka hapo, jina la lukemia halitoshi. Lazima ijulikane ni ya seli B au T au mieloidi, ina CD19 au CD20, kwa kunyonya uloto kwenye mfupa wa nyonga na kuupitisha kwenye mashine inayosoma alama za seli. Bila kipimo hicho tiba ya kinga haina maana, maana hulengi usichokijua. Kwa mtu wa Singida mahali pa kufanyia kazi hiyo panapaswa kuwa Dodoma, kilomita zipatazo 240 kwa lami, badala ya Dar es Salaam ambayo ni karibu mara tatu ya umbali huo. Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza mwaka 2023 kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Kituo kinachoweza kumfuta mtoto uloto wote na kumlinda mpaka uloto mpya uote kinaweza kuchanganya tibakemia na tiba ya kinga. Vyumba vya kutenga vipo, wauguzi wanaojua mpira wa kifuani wapo. Ningependa kuona wizara ikikitaja kituo hicho rasmi kuwa mahali pa lukemia kwa Kanda ya Kati, kikifanya kazi bega kwa bega na Muhimbili, ambako Tumaini la Maisha kwa miaka mingi limekuwa likiwatibu watoto wenye saratani bila malipo na kuwapa wazazi mahali pa kulala.

Kuhusu bei, Shirika la Afya Duniani na hospitali ya St. Jude ya Memphis walitangaza mwaka 2021 mpango wa dola milioni 200 wa kugawa dawa za saratani za watoto bure, na majirani zetu wa Zambia walikuwa kwenye kundi la kwanza la nchi za majaribio. Mlango upo. Nchi inayotaka kuingia inaonyesha daftari la wagonjwa, maabara na mnyororo wa ubaridi wa kuhifadhi dawa. Hivyo vitu vitatu vinatufaa hata kwa dawa ya kawaida ya tibakemia kama vinkristini.

Kwa wazazi nina jambo moja la kuomba, na naliomba kwa uzito. Kwenye magulio na kwenye simu zenu wamejaa wauzaji wa unga, matone na vidonge vya kuongeza kinga, na sasa wameanza kutumia maneno "tiba ya kinga". Hakuna uhusiano. Lukemia yenyewe ni ugonjwa wa seli za kinga, na hakuna unga unaoweza kuifundisha seli T kumtambua ndugu yake aliyeharibika. Familia inayosimamisha dawa mwezi wa tano kwa kuwa mtoto ameonekana mzima, ikahamia kwenye matone, inarudi wodini na lukemia iliyokwisha kuzizoea dawa zetu. Matibabu ni miaka 2 na zaidi, pamoja na vidonge vya nyumbani vya kila siku ambavyo havina hata sindano moja ya kumtisha mtu.

Na hapo naifikia kadi ya mfuko wa afya ya jamii, CHF iliyoboreshwa, ile ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita. Inamfikisha mgonjwa hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, halafu inakoma. Kwa lukemia, hapo ndipo safari inapoanza. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023, na kitita chake kwa watoto wenye saratani kinapaswa kuhesabu pia tiketi ya basi ya mama kwenda Dodoma kila wiki mbili, godoro la kulalia na chakula chake kwa siku 28. Halmashauri saba za mkoa huu zinakusanya ushuru wa vitunguu na alizeti kila msimu. Watoto 30 kwa mwaka, wakigawanywa kwa halmashauri saba, ni wanne au watano kila moja.